Wimbo Ulioishia Njiani

"Mbona mmeukatisha?"

Wanamuziki watano waligeuka kwa pamoja. Kwenye mlango wa ukumbi ule mdogo wa mtaa wa Arat Kilo, ambao mchana hunuka bia ya jana na kahawa ya leo, alisimama msichana amekumbatia furushi la mashati meupe yaliyotariziwa shingoni. Hakuna aliyemsikia akiingia.

"Nani kaukatisha?" aliuliza mpiga saksafoni, kijana mrefu mwembamba aitwaye Ermias. "Wimbo umekwisha, dada. Hapo ndipo unapoishia."

"Haujaisha. Mmeuacha umesimama kwa mguu mmoja."

Mpiga ngoma akaangua kicheko. "Ermias, leo umepatikana. Fundi wa mashati kaja kutufunza muziki."

"Simfunzi mtu," alisema msichana, akilitua furushi juu ya kiti. "Nimeuliza tu, na kuuliza si ujinga."

"Haya, tuambie basi. Baada ya hapo unakwendaje?"

Tsigereda, ndilo jina la msichana, hakuwa mwimbaji. Kanisani walishamwomba kwa upole apunguze sauti. Lakini wimbo huu aliujua kama alivyojua njia ya jikoni kwao. Akafumba midomo, akauimba puani. Sauti ikashuka taratibu, ikasita kana kwamba imesahau jambo, ikapanda mara moja, kisha ikakaa chini na kutulia.

Mkono wa mpiga kinanda ulianza kuifuata wenyewe. Mpiga gitaa la besi akaacha kutafuna. Ermias aliivua saksafoni shingoni, akaiweka chini, akamtazama yule msichana kama anayetazama mtu aliyetoka na ufunguo wa nyumba yake mfukoni.

"Umeutoa wapi huo?"

"Mama yangu huuimba kila akikaanga kahawa. Tangu niko mgongoni. Ila yeye huanzia hapo kati, kama mtu anayedakia maongezi ya wenzake. Miaka yote najiuliza mwanzo wake uko wapi. Leo napita na mashati yenu, nausikia barabarani."

"Haiwezekani," alisema Ermias. "Huu haujawahi kurekodiwa. Hauna hata jina. Nimefundishwa na mwalimu wangu, na yeye hakumfundisha mwingine."

"Basi kamuulize huyo mwalimu."

"Nilishamuuliza mwisho wake uko wapi. Akasema nikirudia kuuliza nitafute mwalimu mwingine."

Tsigereda alitabasamu. Kumkataza msichana huyu kuuliza ni sawa na kumkataza mbuzi kuruka ua: humzuii, unamwonyesha tu pa kurukia.

* * *

Jioni ile ile simu yake iliita kwa ujumbe.

"Ni Ermias wa saksafoni. Shati linanibana shingoni."

Akajibu: "Halikubani. Nilikupima kwa macho na macho yangu hayajawahi kukosea."

"Basi ninayebanwa ni mimi. Tunywe kahawa kesho?"

Wakanywa kahawa kesho yake, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Mazungumzo yao hayakuwa ya mapenzi, angalau mwanzoni. Tsigereda alikuwa na maswali, na Ermias hakuwahi kuulizwa maswali ya namna ile.

"Niambie kitu," alisema Tsigereda siku moja, wakitafuna shayiri ya kukaanga nje ya duka la kahawa. "Kwa nini muziki wenu hauna maneno? Mwimbaji wa mitaani na zeze lake angalau mteja humpa neno naye akaliimba. Nyinyi mnapuliza tu, watu wanalia. Wanalilia nini?"

"Kwani wewe umelia?"

"Nimekuuliza mimi kwanza."

Ermias alifikiri. "Maneno yana mwenyewe. Nikiimba kwamba Almaz kaniacha, basi ni Almaz wangu, wewe unasikiliza ya watu. Nikipuliza bila neno, kila mtu anaweka jina lake humo ndani."

"Na zile noti? Mbona zinasikika kama zimepungua?"

"Tunapiga tano. Wenzetu wa ng'ambo wanapiga saba. Ni kama ngazi iliyong'oka vipandio viwili. Ukipanda lazima uruke, na pale unaporuka ndipo moyo unaposhtuka."

Tangu hapo kila Jumamosi alasiri Tsigereda alikuwa pale ukumbini, amekaa meza ya pembeni na sindano yake, anasikiliza. Siku moja kinanda kilianza kwa kuchechemea, mguu mrefu mguu mfupi. Tarumbeta na saksafoni zikaingia zikibishana kama mke na mume wasiotaka majirani wasikie. Besi ikapita katikati yao bila haraka. Kisha Ermias akapuliza peke yake kwa pumzi nzito yenye mikwaruzo, na Tsigereda akajikuta amekumbuka mambo ambayo hayajamtokea. Akajua amependa. Hakujua kama ni muziki au mpigaji, akaamua kwamba hilo ni swali lisilo na haraka.

Mwalimu mwenyewe Tsigereda alimwona mara moja tu. Gashe Teferra, kama vijana walivyomwita kwa heshima, alikuwa mzee mkimya mwenye kofia ya sufu, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Bendi ilipoufikia ule wimbo, alisimama akatoka nje. Ulipoishia njiani, akarudi akakaa.

Nyumbani, mama yake Tsigereda, Weizero yaani Bibi Aselefech, alikuwa akigeuza kahawa juu ya makaa, na ule wimbo unamtoka.

"Emaye, huo wimbo ulifundishwa na nani?"

"Wimbo gani?"

"Huo unaouimba."

"Siimbi. Nafukuza moshi."

* * *

Ilipofika wakati wa kutuma wazee kuposa, Ermias alimwendea mwalimu wake kwanza, maana wazazi hakuwa nao.

"Gashe, wewe ndiye baba yangu. Ukawe mkuu wa wazee wangu."

"Mimi sifai," alisema Teferra, anafuta saksafoni kwa kitambaa. "Mimi na mambo ya wazee hatupatani. Nitakutia mkosi. Mchukue Ato Belachew, bwana yule ana ulimi mzuri na viatu vizuri."

Hakusema la zaidi, na hakuuliza msichana ni wa nani.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, Ato Belachew na wazee wawili wenye shuka nyeupe na fimbo walisimama mbele ya mlango wa Weizero Aselefech. Walikaribishwa kukaa, wakakataa. Mzee aliyetumwa haketi mpaka ajibiwe.

"Tumekuja mbele yako, mama," alisema Ato Belachew, "tukiwa na haja. Tuna kijana mwenye adabu na kazi ya mikono yake. Tunaomba awe mwanao."

"Hapana," alisema Weizero Aselefech.

Ato Belachew hakupepesa jicho. Akainama, akakohoa kidogo, akaanza kubembeleza kwa maneno ya asali, na wenzake wakaitikia.

"Binti yangu bado mdogo," aliendelea mama, ingawa binti huyo alishapita umri wa kuitwa mdogo na yeye mwenyewe humkumbusha hilo kila sikukuu. "Na nyumba hii haimjui kijana wenu. Rudini Jumapili ya tatu kuanzia leo, tutaona."

Nyuma ya pazia Tsigereda aliuma ncha ya shuka yake asicheke. Simu ikatetemeka.

"Wamesemaje?" aliuliza Ermias kwa ujumbe.

"Mmekataliwa vizuri kabisa."

"Mungu ashukuriwe."

Maana hapana ya kwanza pale ni adabu. Mama anayemtoa binti kwa hodi moja, mtaa mzima utasema alikuwa anatafuta pa kumtupa. Wazee hulijua hilo kama wajuavyo majina yao. Hukataliwa, hubembeleza, huondoka, hurudi.

Kwa hiyo mambo yote yalikuwa sawa. Tsigereda angenyamaza tu wiki zile, leo tusingekuwa na la kusimulia.

* * *

Lakini swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumatano ya wiki iliyofuata, mama na binti walikaa penye kahawa. Kikombe cha kwanza kilishanyweka, cha pili kimemiminwa, birika limerudi juu ya makaa kusubiri cha tatu, kile cha baraka. Tsigereda akatoa simu.

"Emaye, sikiliza hiki."

Saksafoni ikajaa chumbani. Mama alikuwa ameinua kikombe, hakukifikisha mdomoni. Alisikiliza mpaka pale wimbo ulipoishia njiani.

"Nani huyo anapiga?"

"Ermias. Ndiye aliyetuma wazee."

"Nani kamfundisha?"

"Mzee mmoja anaitwa Gashe Teferra. Unamjua?"

Weizero Aselefech aliweka kikombe chini. Akachukua kitambaa, akaliondoa birika juu ya makaa, akalitoa nje, akaimwaga kahawa yote kwenye mfereji. Tsigereda alimtazama asiamini. Tangu azaliwe hajaona kahawa ya baraka ikimwagwa.

"Wazee wakija Jumapili hiyo," alisema mama, "waambie wasivuke kizingiti changu."

"Emaye, nimekosa nini?"

"Wewe hujakosa. Kaa, nikwambie mara moja, na usiniulize tena." Akakaa, mikono magotini. "Nilipokuwa msichana, huyo mtu alikuwa kwenye bendi ya jeshi. Alitunga huo wimbo, akakwama. Akanijia pale kisimani akaniimbia, akasema, Asele, mwisho sina. Mimi nikamwimbia mwisho. Akasema, basi nusu yangu nusu yako, hautapigwa mzima mpaka tuoane. Akatuma wazee kwa baba yangu. Baba akasema hapana, kama baba yeyote. Wale wazee wakainama, wakaondoka. Hawakubembeleza. Hawakurudi."

"Hawakurudi kabisa?"

"Nilifua shuka za wageni kila Jumamosi nikiwangoja, Tsige. Kila Jumamosi. Mpaka baba akasema zitatoboka. Kisha nikasikia bendi imepanda ndege kwenda Khartoum, na yeye yumo. Mtu aliyebisha hodi mara moja, kama mchuuzi wa mkaa, akaona hafunguliwi, akaenda mlango wa pili."

"Na baba?"

"Baba yako alikuja baadaye. Wazee wake walirudi mara nne, ya mwisho kwenye mvua." Uso wake ukalegea kidogo. "Nilimpenda, usidhani sikumpenda. Alikuwa mtu wa kurudi. Huyu kijana wako kalelewa na yule. Kama ndivyo alivyofundishwa kupenda, nitakuwa nimekupeleka kufua shuka."

Tsigereda alikwenda chumbani, akaandika ujumbe.

"Ermias, nimeharibu."

Simu ikaita papo hapo.

"Umeharibu nini?"

Akamweleza. Ermias akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo, "Tsige, ungesubiri Jumapili mbili tu. Jumapili mbili. Kwani ungekufa bila kujua?"

"Nilitaka kujua kilichompata mama yangu."

"Na sasa unajua. Mimi nikaoe nani? Swali?"

Akakata. Tsigereda alilia, akajilaumu, akajitetea, akajilaumu tena. Katikati ya kilio akajikuta ameacha. Kulikuwa na kitu hakijakaa sawa. Wazee gani wanaambiwa hapana wakaondoka bila kubembeleza? Hata mlevi anajua.

* * *

Gashe Teferra alikuwa akiishi mtaa wa Gulele, katika chumba kimoja kilichopangwa vizuri kama kambi. Alifungua mlango, akamwona msichana na shuka yake, akasita.

"Wewe ni yule wa mashati."

"Mimi ni binti wa Aselefech."

Mzee alishika fremu ya mlango. Alimtazama uso wote, kipande kwa kipande, kisha akampisha apite.

"Una paji lake," alisema. "Ermias hakuniambia."

"Hukumuuliza. Hapa watu hawaulizani, ndiyo maana mambo yanaoza." Tsigereda aliketi bila kuambiwa. "Gashe, nina swali moja. Ulipotuma wazee kwa babu yangu, walikwenda mara ngapi?"

"Mara moja. Waliambiwa hapana."

"Kwa nini hawakurudi?"

"Niliambiwa hapana, mwanangu. Kambini ukiambiwa hapana unapiga saluti, unageuka nyuma."

Tsigereda akaegemea mbele. "Hao wazee walikuwa nani?"

Teferra alivua kofia, akaizungusha mikononi. Nywele zake zilikuwa nyeupe tupu. "Mimi sikuwa na mtu. Niliokotwa mtoto, nikalelewa kambini na bendi. Baba yangu ni tarumbeta, mama yangu ni ngoma. Nikawatuma niliokuwa nao. Mpiga ngoma, mpiga tarumbeta, na mpishi wa kambi kwa sababu alikuwa na ndevu. Waliazima shuka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuoa wala kuona mtu akiposwa. Wakarudi wameinamisha vichwa. Wakasema, Teferra ndugu yetu, yule mzee katamka hapana moja, nzito, halafu akasimama tu anatutazama. Tukaona aibu, tukamwomba radhi, tukaondoka."

Tsigereda alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Alikuwa anasubiri abembelezwe."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua baadaye. Tulirudi kutoka Khartoum, tukapiga kwenye harusi ya mwenzetu mmoja. Baba mkwe wake akasimama kuhadithia jinsi alivyowakataa wazee mara tatu, watu wanacheka. Mimi nilikuwa na saksafoni mdomoni. Pumzi ikanikatika. Mwenzangu akamalizia wimbo. Asubuhi yake nikauliza habari za Aselefech. Nikaambiwa ameolewa, ana mimba."

"Kwa nini hukumwambia? Hata kumtumia neno?"

"Mke wa mtu? Nimwambie nini, kwamba nilimpoteza kwa ujinga? Ingemsaidia nani?"

"Na baba yangu alipofariki?"

"Nilikuja mazikoni. Nilisimama nyuma na wachukuzi wa viti." Akavaa kofia tena. "Ningesogea siku ile ningekuwa mtu gani?"

Hasira yote aliyokuja nayo Tsigereda ilimtoka. Akamhurumia yule mzee, na zaidi akamhurumia msichana mmoja afuaye shuka kila Jumamosi.

"Mama yangu anaamini ulimchoka."

"Mimi niliamini alinikataa, mpaka ile harusi. Kisha nikaanza kuamini kwamba nilistahili." Alitazama saksafoni ukutani. "Ndiyo maana mwisho siupigi. Nusu ile ni yake. Sina ruhusa."

"Jumapili ya miadi wazee wa Ermias wanakwenda mara ya pili. Wanatakiwa watatu, na mmoja goti linamsumbua."

"Mama yako si amesema wasivuke kizingiti?"

"Amesema hapana."

"Hiyo si hapana ya adabu, mwanangu. Hiyo ni ya kweli."

"Gashe, kwa heshima yote," alisema Tsigereda akisimama, "wewe si mtu wa kutufundisha kutofautisha hapana. Ushahidi tunao."

Yule mzee akacheka. Kicheko kilitoka na vumbi, kama kitu kilichofungiwa stoo.

* * *

Jumapili, saa nne, hodi.

Weizero Aselefech alifungua mlango uso umekaza, jibu limeshakaa mdomoni. Akamwona Ato Belachew. Akamwona mzee wa pili. Akamwona wa tatu, mwenye kofia ya sufu mkononi na kasha jeusi limening'inia begani. Jibu likapotea.

Nyuma ya pazia Tsigereda alisogeza jicho kwenye upenyo.

"Wewe," alisema mama.

"Mimi, Aselefech."

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekuja mara ya pili," alisema Teferra.

Ato Belachew, mwenye ulimi mzuri, aliona leo ulimi wake hauna kazi. Akatazama viatu vyake.

"Mara ya pili." Sauti ya Weizero Aselefech ilianza chini ikapanda. "Unajua nimezika wazazi wote wawili? Unajua nimeolewa, nimezaa, nimefiwa, nimeota mvi? Na wewe unakuja mara ya pili kama aliyekwenda sokoni akasahau chumvi?"

"Najua. Umesema kweli yote."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye ujinga. Niliwatuma watu watatu wasiojua, nami sikujua kwamba hawajui. Waliposikia hapana waliondoka kabla baba yako hajamaliza kusema. Nilikuja kujua umeshaolewa. Ningejua kwamba hapana ile ilikuwa na mkia, Aselefech, ningelala mlangoni kwenu mpaka baba yako anirushie maji."

Mama alimtazama. "Kumbe hawakuwa wamelewa? Baba alisema lazima walikuwa wamelewa."

"Mpishi alikuwa anasinzia. Aliamka saa tisa usiku kuoka mikate."

Ato Belachew akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Sikuja kujiombea," aliendelea Teferra. "Nimekuja kwa ajili ya kijana. Mimi nilimfundisha saksafoni tu. Hayo mengine kajifunza mwenyewe. Tangu Jumatano ile hali chakula, na amenisumbua nirudi hapa leo, na kesho, na mwezi ujao. Huyo ni mtu wa kurudi. Usimwadhibu kwa kosa langu."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Teferra."

"Hayazoleki. Lakini kisima si bado kipo?"

Mama akaelekeza kidole kwenye kasha. "Kile kitu bado unakipiga?"

"Bado."

"Piga."

Teferra aliitoa saksafoni. Alisimama pale pale nje ya kizingiti, mzee mwenye nywele nyeupe tupu, akapuliza. Hakupuliza kama Ermias. Pumzi yake ilikuwa fupi na noti nyingine zilichubuka. Lakini jirani aliyekuwa akitwanga aliacha kinu, na bibi wa ng'ambo ya pili akafungua dirisha. Wimbo ukaruka vipandio vyake, ukazunguka, ukafika pale unapofika siku zote. Teferra akaondoa saksafoni mdomoni.

Wimbo ukabaki na mguu mmoja hewani.

Weizero Aselefech alifumba macho, na nusu iliyobaki ikamtoka puani, taratibu, mbele ya watu. Ikashuka, ikasita, ikapanda, ikakaa. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta.

Alipomaliza alijipangusa kwa ncha ya shuka, akarudi nyuma hatua moja kuacha njia.

"Kaeni, wazee wangu," alisema.

Ato Belachew alifunga macho na kumshukuru Mungu, maana mzee akiambiwa kaa baada ya haja kusikilizwa, basi binti ameshatolewa. Tsigereda alitoka mbio nyuma ya pazia, akawabusu wazee magoti, akamkumbatia mama yake, kisha akakumbuka simu.

"Wamekaa," aliandika.

Jibu halikuja. Badala yake mlango wa uani ulisukumwa, na Ermias, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuwa popote karibu, aliingia na vumbi la ukuta alioegemea akingoja limejaa suruali.

"Nisamehe kwa yale ya kwenye simu," alisema akihema.

"Uliniuliza ukaoe nani?"

"Niliuliza kama nikaoe swali. Nimekuja kulioa."

* * *

Harusi ilifanyika kabla ya mfungo mkuu. Bendi ilivaa mashati ya Tsigereda. Ule wimbo ukapigwa mzima kwa mara ya kwanza tangu utungwe, Ermias akipuliza nusu ya kwanza na mwalimu wake nusu ya pili kwa ruhusa maalumu. Watu walipouliza unaitwaje, kila mmoja alijibiwa jina tofauti.

Baada ya sikukuu kupita, Jumapili moja Tsigereda alikuwa kwa mama yake akichagua kahawa, aliposikia hodi. Akachungulia. Nje walisimama Ato Belachew, mpiga ngoma na mpiga kinanda, wamevaa shuka nyeupe za kuazima.

"Tumekuja mbele yako, mama," alianza Ato Belachew, "tukiwa na haja. Tuna kijana, ingawa si kijana sana..."

"Hapana," alisema Weizero Aselefech.

Mpiga ngoma alishtuka, akainama, akageuka kuondoka. Ato Belachew akamdaka shuka kwa nyuma.

Tsigereda alijiziba mdomo. Simu ikatetemeka mkononi. Alikuwa Ermias, aliyekuwa Gulele akimsaidia mtu fulani kungoja.

"Wamesemaje?"

"Mama kasema hapana."

Simu ikakaa kidogo, kisha ikatetemeka tena.

"Gashe anauliza arudi lini."

Tsigereda aliusoma kwa sauti, mlangoni, mbele ya wazee wote. Mama yake alikuwa amesharudi kwenye makaa, anageuza kahawa, na wimbo unamtoka puani. Ila leo alikuwa ameuanza mwanzo.

"Mwambie Jumapili ijayo," alisema bila kugeuka. "Na safari hii asichelewe."